Usikate Kile Kimya

Sogeeni, wanangu, niwasimulie safari ya fidla.

Kikundi cha taarabu kinarekodi wimbo wa dakika 4. Ganuni inatangulia, akodiani inafuata, kisha mwimbaji. Kila mmoja ana mstari wake kwenye skrini ya kompyuta. Watu wa studio huuita traki. Fidla haina haraka. Inasubiri ubeti wa kwanza uishe, na kuingia sekunde ya 72.

Wamerekodi kwa Audacity, programu ya bure. Fundi wa kuchanganya sauti yuko mji mwingine na anatumia Reaper, ambayo haifungui faili la kazi la Audacity. Basi zinasafiri sauti zenyewe, kila traki ndani ya faili lake la WAV.

Hapo ndipo fidla inapopotea. Binti aliyeshika kompyuta anaona sekunde 72 tupu, anachagua kile kipande chenye sauti tu, anakituma. Simlaumu. Kwenye WAV, kimya kina uzito uleule wa sauti: kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, yaani vipimo vya sauti, kila kimoja cha biti 24, sekunde hizo 72 zinakula megabaiti 10 na ushee, na bando ni fedha. Lakini faili la WAV la kawaida halikumbuki sauti ilikuwa wapi ndani ya wimbo. Fundi anayapanga mafaili yote kwenye sifuri, na fidla inaanza sambamba na ganuni, inamwingilia mwimbaji hata hajafungua kinywa.

Kwa hiyo kila traki itolewe kuanzia sifuri mpaka mwisho wa wimbo, hata kama chombo kinalia mara moja tu. Kile kimya ni sehemu ya muziki. Ndicho kinachoishikia fidla nafasi yake.

Iko hatari nyingine. Ni ile idadi ya sampuli kwa sekunde. Studio nyingi hutumia 48,000. CD hutumia 44,100. Programu nzuri huona tofauti hiyo na kuirekebisha yenyewe. Isiporekebishwa, traki ya 48,000 ikachezwa kama ya 44,100, wimbo wa dakika 4 unakwenda dakika 4 na sekunde 21, na sauti ya mwimbaji inakuwa nzito kuliko yake. Chagueni namba moja tangu siku ya kwanza, na mwambieni fundi ni ipi.

MP3 iacheni kwa wasikilizaji. Kuibana sauti hivyo mara nyingi huongeza kimya kidogo sana mwanzoni, sehemu ndogo ya sekunde, lakini inatosha ngoma ya dumbaki kupishana na mkono wa mpiga ganuni.

Na kama mmoja wenu amerekodi kwa simu pembeni, pigeni kofi moja kubwa kabla ya wimbo, na jingine ukiisha. Kwenye skrini kofi huonekana kama mwiba mrefu. Pangeni miiba ya mwanzo ikutane, kisha tazameni ya mwisho. Ikipishana, saa za vifaa viwili hazikwenda sawa, na traki ya simu itavutwa au kubanwa kidogo kidogo mpaka na kofi la pili likae mahali pake.