Nilidhani ana nyumba ndogo, kumbe ana meli!

Shosti, kilichonimaliza ni taa ya kukaushia kucha. Niliikuta bafuni nyuma ya ndoo, imeviringishwa kwenye fulana ya mume wangu. Yangu siyo. Sasa mwanaume mzima, mhasibu wa watu, anatunza taa ya kucha ya nani?

Dalili nyingine nilikuwa nazo. Wiki ya tatu hiyo anajifungia bafuni mpaka saa saba usiku. Akiba yetu ya kiwanja imepungua shilingi 350,000. Vidoleni ana madoa ya kahawia yasiyotoka kwa sabuni. Nikasema leo ni leo, nikagonga mlango.

"Baba Junior, fungua! Mwenye hii taa ni nani?"

Akafungua taratibu, kavaa miwani na glavu, mkononi kibano. Kwenye kibano kuna kipande cha shaba ya njano, chembamba kama karatasi, kina matundu kama lesi.

"Ni reli za meli," akasema kwa sauti ya chini.

Nikakaa juu ya ndoo, akanieleza. Anaunda modeli ya plastiki ya Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar Septemba 1914, ikajificha delta ya Rufiji mpaka ilipoangamizwa Julai 1915. Kwao ni Rufiji, hadithi hiyo amekua nayo. Meli halisi ilikuwa na mita 115. Ya kwake, kwa kipimo cha 1 kwa 350, ina sentimita 33. Hapo baharia ana milimita 5 tu! Reli ya plastiki ya nusu milimita, kwenye meli halisi ingekuwa gogo la sentimita 17 na nusu. Ndiyo maana anatumia shaba.

Na hiyo shaba haikatwi kwa mkasi. Anachora kwenye kompyuta, anachapa kwenye karatasi angavu. Bati la shaba analisafisha, analibandika filamu inayohisi mwanga pande zote mbili, anaweka mchoro juu na kulimulika kwa taa ya kucha. Palipopata mwanga filamu inakuwa ngumu, pengine inaoshwa kwa maji ya soda ya kufulia. Kisha bati linaingia kwenye feri kloraidi ya uvuguvugu, inayokula shaba iliyoachwa wazi. Ikiachwa wazi upande mmoja tu, inaliwa nusu ya unene, na hapo ndipo pa kukunjia. Muda ukizidi, dawa inapenya chini ya filamu, reli zinakatika. Mabati kadhaa yalikufa hivyo, na hela ya kiwanja ikafa nayo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Si ulinicheka."

Kweli. Mwaka jana, mbele ya wifi zangu, nilimkuta anagundisha plastiki nikamwita mtoto mkubwa. Wote walicheka, na yeye akacheka. Sikujua kwamba iliingia ndani.

Msomaji, sikusema yaishe. Dawa chakavu alikuwa anamwaga kwenye sinki. Ikala kichujio cha chuma, na mwenye nyumba alikuwa anatudai. Tukakaa mezani. Kazi ihamie uani penye hewa. Dawa iliyotumika ikae kwenye dumu la plastiki lenye maandishi, juu, mbali na Junior. Isimwagwe kwenye bomba kabisa, maana ina shaba iliyoyeyuka, ni sumu. Matumizi yasizidi 30,000 kwa mwezi, na akiba airudishe kidogo kidogo. Mimi nikaahidi kutomcheka tena mbele ya watu.

Jumamosi iliyopita alinipa kibano, nikakunja ngazi yenye urefu wa punje ya mchele. Mikono ilitetemeka, ya kwanza nikaivunja. Hakunicheka.

Kama wako naye anajifungia, muulize. Lakini kabla hujagonga mlango, jiulize pia ni lini mara ya mwisho alikuonyesha kitu anachokipenda, na wewe ulimjibu nini.