Fahamu: Mama akivuka mpaka na wanawe, wao ni raia wa wapi?

Mama Mkenya aliyeolewa Lunyo, wilayani Busia, Uganda, akifiwa na mume, huenda akafunga virago na kurudi kwao ng'ambo pamoja na wanawe. Huko watakuta lugha ileile ya Kisamia waliyoizoea. Lakini stakabadhi za mtoto zitaulizwa.

Zamani, kwa mtoto aliyezaliwa nje, Kenya ilitazama uraia wa baba peke yake. Ilikuwa dhuluma kubwa kwa akina mama. Katiba ya 2010, kifungu cha 14, iliiondoa: uraia wa mama unatosha, hata kwa waliozaliwa kabla ya katiba hiyo. Uganda na Kenya zote huruhusu uraia pacha, kwa masharti. Kwa kuwa mtoto anaupata uraia wa Kenya kupitia kwako, mama, kabla ya kuvuka, chukua cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, na hakikisha jina lako limeandikwa sawasawa na lilivyo kwenye kitambulisho chako.