Tangi la Samaki Nyumbani Garsen: Maji Kwanza, Samaki Baadaye, Mtoni Kamwe

Mtu akishapata tangi la vioo, kitu cha kwanza anachokwenda kutafuta ni samaki. Asubuhi analijaza maji, adhuhuri samaki wamo ndani, na baada ya siku nne au tano anawatoa mmoja mmoja wakiwa wamelala ubavu. Kisha utamsikia akisema, "Garsen joto, samaki hawakai." Joto linasingiziwa. Mto Tana una joto hilo hilo na samaki wamejaa. Kinachowaua wa tangini ni haraka ya mwenye tangi.

Vijana kadhaa wa hapa mjini na wa Minjila wameniuliza namna ya kufuga samaki wa mapambo ndani ya nyumba, kwenye tangi lenye mimea hai. Ni burudani nzuri, na mtoto anayekaa mbele ya kioo akitazama kiumbe cha Mola kikiishi hujifunza mengi. Nitaeleza hatua kwa hatua. Mwisho nitasema neno ambalo sisi wakaaji wa delta tuna wajibu wa kulijua kuliko watu wa Nairobi au Mombasa.

Kwa nini tangi liwe na mimea

Umeme wetu mwaujua. Tangi linalotegemea pampu ya hewa peke yake, stima ikipotea usiku kucha, asubuhi utakuta msiba. Mimea hai husaidia kwa njia mbili. Hula uchafu unaotokana na kinyesi cha samaki, na mchana hutoa oksijeni ndani ya maji. Lakini usiku mimea nayo huvuta oksijeni kama samaki. Tena maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi. Kwa hivyo kanuni ya kwanza ya mji wa joto kama wetu ni hii: mimea mingi, samaki wachache.

Tangi na mahali pake

Kwa anayeanza, tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30 latosha. Hilo huchukua lita 54. Tangi dogo zaidi si rahisi kulitunza, bali ni gumu, kwa sababu maji machache huharibika upesi na hupata moto upesi. Fundi wa vioo aweza kukutengenezea kwa kioo cha milimita 6 na gundi ya silikoni. Mwambie atumie silikoni isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Liache likauke siku tatu, kisha lijaze maji uani kwa siku moja uone kama lavuja.

Lita 54 za maji ni kilo 54, bado hujahesabu vioo na mchanga. Stuli ya plastiki haitahimili. Tafuta meza imara isiyoyumba, uiweke mbali na dirisha. Jua likipiga tangi moja kwa moja, maji hugeuka kijani na kupata moto. Balbu ya LED ikiwaka kwa muda wa saa nane kila siku yatosha mimea. Kifaa cha kupasha maji moto usinunue; hapa kwetu ni kutupa pesa.

Udongo, mchanga na maji

Chini kabisa tandaza udongo wa mfinyanzi safi, kimo cha sentimita 2 au 3. Usichukue udongo wa shamba lililopigwa dawa au kutiwa mbolea ya dukani. Juu yake weka mchanga wa mto uliooshwa mara nyingi hadi maji yatoke meupe, sentimita 3 au 4. Udongo hulisha mizizi, na mchanga huufunika usichafue maji. Mchanga wa pwani uache baharini. Una chumvi na vipande vya makombe, na makombe huyafanya maji kuwa magumu siku zote.

Maji ya mfereji yaliyotiwa klorini yaweke kwenye ndoo wazi kwa siku moja kabla ya kuyatumia. Maji ya Tana huja na tope jekundu la milimani. Yaache yatuame, kisha uchote ya juu. Maji ya kisima yaonje kwanza. Kadiri unavyoelekea Kipini ndivyo visima vingine vinavyokuwa na chumvi, na mimea mingi ya maji baridi haiipendi. Unapojaza, weka sahani juu ya mchanga na umimine polepole juu ya sahani, usije ukaufukua udongo.

Mimea, makonokono na mamba

Mimea ya kuanzia iwe ile migumu isiyotaka matunzo mengi. Kuna inayozama yenye majani membamba kama nyuzi, ambayo hata mizizi haina. Kuna ile ya majani marefu kama utepe. Na kuna yungiyungi, ambaye kwetu si mgeni. Panda mingi siku ya kwanza, nusu ya sakafu ya tangi au zaidi. Mimea michache huacha chakula kingi majini, na chakula hicho huliwa na kuvu la kijani.

Wengi watasema, kwa nini ninunue na madimbwi yetu yamejaa? Haya, lakini sikilizeni. Maji yaliyosimama ya Tana River yana kichocho, na kichocho huenezwa na konokono wa maji baridi. Ukiingia bila gambuti unajitafutia maradhi, na mamba naye hatoi taarifa. Ukichukua mmea ukingoni, utikise, uuoshe, uondoe kila konokono na ule ute wenye mayai chini ya majani. Kisha uweke kwenye ndoo peke yake wiki mbili, ukiukagua kila siku. Konokono aliyeambukizwa huendelea kutoa vimelea, kwa hivyo akiingia tangini ameingia nyumbani, na wewe utatia mkono humo kila wiki. Ndoo hiyo mtoto asiiguse, na maji yake uyamwage kwenye ardhi kavu.

Wiki sita za subira

Hapa ndipo penye siri yote, na ndipo wengi wanaposhindwa.

Samaki akinya, na chakula kikioza, hutokea amonia. Amonia humuunguza samaki matamvua, na ukali wake huzidi maji yakiwa moto na yenye magadi, kama yalivyo maji ya visima vingi vya huku. Mola amejaalia bakteria wadogo wasioonekana kwa macho. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo kwa kiasi kidogo haina madhara, na ndiyo mbolea ya mimea. Bakteria hawa hukaa kwenye mchanga, kwenye majani na kwenye vioo. Tangi jipya hawamo, au wamo wachache mno. Kuzaliana kwao hadi watoshe huchukua kiasi cha wiki nne hadi sita.

Kwa hivyo ukishapanda mimea, usitie samaki. Tia chembe chache za chakula cha samaki kila baada ya siku mbili tatu, vioze, vitoe amonia ya kuwalisha bakteria. Maji yanaweza kuwa kama yametiwa maziwa kwa siku kadhaa. Yaache, yatatakata yenyewe. Ukipata vikaratasi vya kupimia maji kutoka duka la samaki la Mombasa au Nairobi, subiri hadi amonia na nitriti zisomeke sufuri. Usipovipata, hesabu wiki sita kamili na utie samaki wawili tu kwanza.

Jambo ambalo vitabu vya nchi za baridi havisemi: maji yasiyo na samaki kwa wiki sita ni nyumba ya mbu. Funika tangi kwa kipande cha chandarua kilichokazwa vizuri, kisiwe kile kilichotiwa dawa, maana dawa ya chandarua huua samaki. Hata baadaye kifuniko hicho kibaki. Kitamzuia samaki kuruka nje, na paka kuingiza mkono.

Samaki gani, na wangapi

Gapi na moli ndio wa kuanza nao. Ni wadogo, wana rangi, na wanastahimili maji magumu. Lita 54 zatosha samaki sita hadi wanane wa aina hiyo, waingie wawili wawili kwa kuachana wiki moja au zaidi. Wanazaa sana, kwa hivyo bora uchukue madume watupu. Wakifika, elea mfuko wao juu ya maji robo saa, kisha ongeza maji ya tangi ndani ya mfuko kidogo kidogo. Wahamishe kwa wavu, na maji ya mfuko yamwagwe nje.

Kambare usimtie. Akiwa kama kidole anapendeza, lakini hukua hadi kupita mita moja, hula wenziwe, na kwa vile anaweza kuvuta hewa ya juu, atatoka tangini na umkute sebuleni. Tilapia naye hung'oa mimea yote katika kuchimba kiota.

Chakula ni mara moja kwa siku, kile wanachokimaliza ndani ya dakika mbili. Kila wiki toa robo ya maji, urudishe mengine yaliyotuama. Maji unayotoa yana nitrati. Mwagia mchicha au mpapai. Kwa njia hiyo hakuna israfu.

Na mtoni kamwe

Sasa lile neno nililoahidi. Itafika siku umechoka, au gapi wamezaana wamejaa, au unahama. Utajiambia, "Niwape uhuru wao," na mto uko hapo karibu. Usifanye hivyo, wala mimea usiitupe mtaroni.

Sisi wa Tana River hatuhitaji mwalimu wa somo hili. Mathenge ilipandwa Hola na Bura mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa nia njema, ipatikane kuni na kivuli. Leo mfugaji anajua imemchukulia malisho kiasi gani, na miba yake imetoboa miguu mingapi ya mifugo. Majini ni vivyo hivyo. Mbuta alitiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na aina nyingi za fulu zikamalizika. Ziwa Naivasha nalo katika miaka ya 1960 lilivamiwa na salvinia, gugu la kuelea lenye asili ya Brazil, ambalo wapenda matangi na mabwawa ya mapambo wamelisambaza sehemu nyingi za dunia.

Delta yetu ni dhaifu kwa jambo hili kuliko maziwa hayo. Mafuriko yakija, kama yale ya mwisho wa 2023, mto, mitaro, mashamba na maziwa kama Shakababo huwa maji mamoja. Kilichotupwa kwenye mtaro wa Garsen kinaweza kufika popote. Delta hii imo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa tangu 2012, na tena sheria ya uvuvi ya 2016 haimruhusu mtu kujitilia samaki wageni katika maji ya umma bila idhini.

Na kuna hazina ambayo wengi wetu tunaipita kwa miguu. Katika madimbwi ya mvua ya Tana wamo visamaki vya jamii ya Nothobranchius, urefu kama kidole, madume yao yakiwa na rangi kama kanga mpya. Hutaga mayai ndani ya tope jeusi. Dimbwi likikauka wazazi hufa wote, mayai hubaki ardhini miezi ya kiangazi yakingoja. Mvua ikinyesha huanguliwa, na katika wiki chache tu wanakuwa wakubwa na kutaga tena. Aina mmoja iliandikwa na wataalamu mwaka 1992 kutoka Mnazini, kijiji chetu hapo juu ya mto. Ndugu yao wa Unguja hufugwa kwenye matangi ya Ulaya na Marekani, na mayai yao husafiri kwa posta ndani ya mboji yenye unyevu. Watu wa mbali wanalipa pesa kuwapata, nasi tunapitisha pikipiki juu ya mayai yao.

Samaki kama hao, ambao maisha yao yote ni msimu mmoja na dimbwi moja, hawana pa kukimbilia. Gapi wakiletwa na mafuriko watagombania nao chakula, na watoto wao wadogo wataliwa. Kosa la msimu mmoja laweza kufuta kilichongoja ardhini kiangazi kizima. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hivyo samaki wakikuzidi, mpe jirani, ipe shule yenye tangi, au mrudishie aliyekuuzia. Mimea uliyoing'oa ianike juani hadi ikauke kabisa, ndipo uitupe. Dini yetu haikataza kufuga. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtania mtoto Abu Umayr juu ya ndege wake mdogo wala hakumkemea kwa kumfuga. Na tunajua pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha. Kiumbe ulichokifungia ndani ya kioo ni amana, na mto uliopita karibu na nyumba yako ni amana pia. Mwenye kutaka tangi na aanze wiki hii kwa kuosha mchanga. Samaki watamngoja.