Mgeni Kutoka Bahari ya Joto

Mwanafunzi wa Mgeta akipiga mstari katika ramani kutoka milima ya Uluguru kuelekea mashariki, mstari huo utapita karibu na Dar es Salaam na, baada ya kilomita zipatazo 260, utafika Kisiwa cha Latham, ambacho pia huitwa Fungu Kizimkazi. Katika kisiwa hicho kidogo cha matumbawe hutaga ndege wa bahari aitwaye kitaalamu Sula dactylatra. Ni mweupe, mbawa zake zina ukingo mweusi, naye hujitosa majini kutoka angani ili kukamata samaki.

Jamaa wengi wa Sula huishi katika bahari zenye joto. Kwa hiyo ilistaajabisha, Septemba 2016, Sula sula mwenye miguu myekundu alipookotwa hoi katika pwani ya kusini ya Uingereza. Spishi hiyo haikuwa imewahi kuthibitishwa nchini humo. Alitunzwa, na Desemba akasafirishwa hadi visiwa vya Cayman, lakini akafa kabla ya kuachiwa huru.

Je, ni nini humfikisha ndege mbali kiasi hicho? Huenda akasukumwa na dhoruba, akafuata samaki, au akatua juu ya meli. Aghalabu ndege wachanga ndio watangao zaidi.

Yafaa tumtofautishe mpotevu huyo na mhamaji. Mbayuwayu wa Ulaya huja Afrika kila mwaka na kurudi kwao majira yakibadilika; safari yake ni desturi ya spishi nzima. Safari ya mpotevu ni tukio la ndege mmoja tu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Ndege mmoja hathibitishi kwamba bahari imepata joto, wala kwamba spishi imehama. Lakini kumbukumbu zikiongezeka mwaka hadi mwaka, swali hilo hustahili kuchunguzwa. Sula leucogaster alithibitishwa Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 2019, na tangu hapo wameonekana wengine. Tukio moja huzaa swali. Jibu hutokana na kumbukumbu nyingi zilizotunzwa vyema.

Kazi hiyo yaweza kufanywa hata Mgeta. Kimbunga Hidaya, kilichofika pwani yetu Mei 2024, kilitukumbusha kwamba dhoruba za bahari hutufikia. Iwapo baada ya dhoruba mwanafunzi ataona ndege wa bahari kwenye matuta ya kabeji, na aandike tarehe, mahali, hali ya hewa, na rangi ya mdomo, mbawa na miguu; akiweza, apige picha. Asimshike kwa mikono mitupu, kwani ndege huweza kuwa na maradhi, wala asimlazimishe kula au kuruka. Mwalimu na amwarifu afisa wa wanyamapori. Daftari la shule likitunzwa kwa miaka mingi, laweza kuwa ushahidi ambao mtaalamu hataupata penginepo.