Je, mwanao anaweza kuelea chali?

Mzazi wa Buswelu, ukimwona mwanao amelala chali majini usidhani ni mchezo tu. Kirsty Coventry wa Zimbabwe aliogelea hivyohivyo, uso juu, akatwaa dhahabu ya mita 200 kwenye Olimpiki za Athens 2004 na Beijing 2008. Machi 2025 akachaguliwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza.

Kwetu si lazima medali. Mtoto akichoka majini, akijua kuelea chali anapumua, anaita msaada. Mfundishe bwawani, maji yakufike kiunoni, mkono wako chini ya mgongo wake. Ziwani, penye majani na konokono, kuna kichocho.