Kutoka Herufi Pana hadi Baiti Nyingi: Mfano wa Jina la Kasongo

Makala haya yanakusudia kueleza namna lugha ya C inavyogeuza mfuatano wa herufi pana kuwa mfuatano wa baiti nyingi, na kwa nini jambo hilo linawahusu wanafunzi wa Kiswahili.

Katika karne ya 19, Kasongo na Kabambare zilikuwa vituo vya wafanyabiashara waliotoka pwani na wafuasi wao Waungwana. Barua ziliandikwa kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, kwa hati ya Kiarabu. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliteka Kasongo mwaka 1893, na baadhi ya barua za zama hizo zimo katika hifadhi za Ubelgiji. Anayetaka kuzinakili katika kompyuta hana budi kujua hesabu ya baiti.

Ndani ya programu, kila herufi pana huchukua nafasi sawa: baiti 4 katika Linux, baiti 2 katika Windows. Katika UTF-8, iliyobuniwa mwaka 1992, herufi ya Kilatini isiyo na alama huchukua baiti 1, na ya Kiarabu baiti 2. Anayegeuza ni wcstombs.

Tuchukue jina Kasongo. Kwa Kilatini lina herufi 7, yaani baiti 7. Tukiliandika kwa kafu, alifu, sini, wau, nuni, ghaini na wau, herufi ni 7 vilevile, lakini baiti ni 14. Pamoja na baiti sifuri ya kufungia, 15. Aliyetenga baiti 8 kwa kuhesabu herufi atapata herufi 4 tu, yaani "Kaso", na mfuatano hautafungwa. Fataha, kasra na dhuma nazo huongeza baiti 2 kila moja.

Kwa hiyo, kwanza, setlocale iitwe mwanzoni, katika mazingira ya UTF-8. La sivyo, wcstombs yaweza kuikataa herufi na kurudisha (size_t)-1. Pili, wcsrtombs, iliyoongezwa mwaka 1995, ipewe kielekezi tupu mahali pa kuandikia: itahesabu baiti bila kuandika. Tatu, itengwe idadi hiyo na 1 zaidi, ndipo kugeuza kufanyike, na jibu likaguliwe.

Kwa mtafiti, jina lililokatwa ni ushahidi uliopotea. Asomaye "Kaso" katika nakala hana njia ya kujua kwamba barua yenyewe ilisema Kasongo.