Kichaka cha Kaya Ribe Kilichopewa Jina London

Kingsbury, kaskazini-magharibi ya London, ni mtaa wenye familia nyingi zilizopitia Mombasa, Nairobi na Kampala. Sidhani kama wengi wao wanajua kwamba kusini-magharibi ya jiji hili hili, kwenye bustani ya Kew, kichaka cha pwani ya Kenya kilipewa jina mwaka 2022: Lukea quentinii, cha Kaya Ribe, msitu mtakatifu wa Wamijikenda huko Kilifi. Tangu niusome waraka wa kisayansi uliokipa jina, ua lake halijanitoka akilini.

Litazame tumba. Ukoo wa mstafeli, mtopetope na mlangilangi kwa kawaida una petali sita, tatu nje na tatu ndani. Kichaka hiki kina tatu tu. Na petali hizo zimekaa juu ya kitako kimoja bapa, cha mviringo, mithili ya kisahani cha kahawa. Martin Cheek na George Gosline wa Kew, pamoja na Quentin Luke wa Nairobi, wanaeleza kwamba hakuna mmea mwingine wa ukoo huu barani Afrika wenye sura hiyo. Kisahani chenyewe hakipukutiki pamoja na petali, hubaki.

Ajabu zaidi, jamaa yake wa karibu watafiti hao wanamwona Afrika Magharibi, katika jenasi Monocyclanthus. Bara zima liko kati yao. Msitu uliowaunganisha ulikatika lini?

Kabla ya kichaka hiki kupewa jina, sampuli zake zilidhaniwa huenda ni za jenasi Uvariopsis. Kew ina sampuli kavu zipatazo milioni 7, na humo ndimo kazi hii ya subira hufanyika: ua kavu huloweshwa likalainika, likapasuliwa chini ya hadubini, kila kiungo kikapimwa na kuchorwa, likalinganishwa na ndugu zake wote. Mwishowe sampuli moja huteuliwa iwe shahidi wa jina milele. Cheek na wenzake walipomaliza, walikuwa na jenasi mpya yenye spishi mbili. Ya pili, Lukea triciae, imetoka Udzungwa, Tanzania.

Jenasi inamuenzi Luke, na anastahili. Ripoti yake na Ann Robertson kuhusu misitu ya pwani ya Kenya, ya mwaka 1993, iliwaonyesha wengi utajiri uliofichwa na kaya.

Lakini kuna wengine wanaostahili heshima. Kaya Ribe ni hekta 36 tu. UNESCO iliiandikisha kuwa urithi wa dunia mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, ila waliouzuia mkono wa mkata miti kwa karne nyingi ni wazee wa ngambi, baraza la kaya, kwa miiko na kwa fingo, hirizi za kuilinda kaya. Kama si wao, Kew ingepasua ua gani? Je, wao wanakiitaje kichaka hiki, na kuna aliyewahi kuwauliza?

Cheek na wenzake wamekiweka katika kundi la mimea iliyo hatarini kabisa kutoweka. Naiomba Kew na Makumbusho ya Taifa ya Kenya waufasiri waraka huu kwa Kiswahili na Kiribe, wauchape pamoja na mchoro wa ua, kisha waukabidhi kwa wazee wa Ribe na shule za pale.